Shingo ya Gauni la Mwalimu

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Uyole, kwenye zile meza za mitumba zinazotazama barabara kuu. Malori ya Tunduma yalikuwa yakipita na kutikisa maturubai juu ya vichwa vyetu. Nikachukua gauni moja la bluu, nikaligeuza ndani nje, nikaanza kukagua shingo. Muuzaji, binti wa miaka ishirini hivi, alinitazama kwa muda, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mama, unatafuta nini humo ndani? Si linavaliwa kwa nje?"

Nilimwambia naangalia bitana. Akacheka, akasema bitana haijui. Na kweli, haikuwepo. Ukingo wa shingo ulikuwa umepindwa mara moja na kupitishwa mashine, basi. Nikalirudisha gauni mezani, nikaondoka. Njiani nikawa nawaza kwamba miaka karibu hamsini imepita na mimi bado siwezi kulitazama gauni kwa nje kabla ya kulitazama kwa ndani. Tabia hiyo nilipewa na shangazi yangu wa Kihesa.

Nilipelekwa kwake Iringa nikiwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya sabini. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la utafiti hapo Uyole, mama alikuwa amejifungua mapacha, na wakubwa wakaona afadhali mimi nikakae kwa dada yake baba. Sikumbuki kulia. Nakumbuka harufu ya dizeli ndani ya basi, na mama mmoja aliyenipa kiazi cha kuchemsha tulipofika Makambako, bila hata kuniuliza jina. Nakumbuka upepo ulionipokea niliposhuka Iringa, upepo mkavu unaoingia kwenye mikono ya sweta, tofauti kabisa na ukungu wa kwetu Mbeya.

Shangazi alikuwa mjane, hana mtoto. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na pini zake alizishika kwa midomo hata alipokuwa anaongea, hivyo maneno yake mengi yalitoka kwa pembeni. Cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya dirisha la sebule, mahali penye mwanga mzuri, na viti vya wageni ndivyo vilivyosogezwa gizani. Nyumba ilinuka mkaa, chaki, mafuta ya mashine na ule unga unga wa kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa. Wateja waliingia na salamu yao ya "Kamwene", wakakaa, wakanywa chai ya rangi, wakapimwa. Mimi nilikuwa najifunza Kihehe kwa kusikiliza, na shuleni wenzangu walinicheka kwa sababu nikipewa kitu nilisema "ndaga" kama kwa mama yangu badala ya asante.

Kazi zangu zilikuwa hizi: kuchota maji bombani kabla ya shule, kuchambua mboga ya mnafu jioni, na kuwasha mkaa wa pasi. Ile pasi ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na komeo lake lilikuwa na umbo la jogoo. Ilibidi kuipepea nje mpaka cheche ziishe, maana cheche moja ikirukia kitambaa cha mtu, hakuna wa kumlaumu ila wewe. Nilipoizoea kazi hiyo nikaruhusiwa kuokota pini sakafuni, kisha kufumua nyuzi, kisha kukaa kwenye kigoda karibu na mguu wa cherehani na kutazama.

Kila kazi iliyoisha, shangazi aliigeuza. Hakusifu gauni kabla ya kuligeuza. Na sehemu aliyoikagua kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa shingo. Alisema pindo la chini watu hawalioni wanapokusalimu, ila shingo iko machoni pao muda wote wanaoongea nawe.

Namna alivyoishona bado ninayo kichwani. Alianza na mabega: mabega ya gauni yalishonwa peke yake, na mabega ya bitana, yaani kile kitambaa cha ndani, peke yake. Kisha aliilaza bitana juu ya gauni uso kwa uso, bega juu ya bega, akabana pini kuanzia mabegani kuja katikati. Akapiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu iliyolegea ambayo hufumuliwa kazi ikiisha. Ndipo akapeleka kwenye cherehani, mguu wake ukikanyaga polepole kama mtu anayepita kwenye matope. Mshono ukishazunguka duara lote, alipunguza ukingo, akachukua mkasi mdogo na kuuchanja: vikato vifupi vifupi kuzunguka shingo, kila kimoja kikikomea hatua ya nyuzi mbili kabla ya mshono. Bila vikato hivyo shingo haigeuki vizuri, inakakamaa na kufanya makunyanzi. Mwisho aliigeuza bitana iende ndani, akapitisha mshono mmoja zaidi juu ya bitana peke yake, ukishika ule ukingo uliojificha, kisha pasi.

"Isichungulie," alisema kila mara, akimaanisha bitana. Ilikuwa hivyo hivyo kila siku, kama mtu anayemkanya mtoto mbele ya wageni.

Mkasi wa vikato sikuruhusiwa kuugusa.

Sasa nikuambie kuhusu mwalimu. Mwaka wa pili wa kukaa kwangu Kihesa nilikuwa darasa la nne, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na rovu. Usidhani lilikuwa jambo geni. Miaka ile, kuanzia Mufindi mpaka Mbeya, uvimbe wa shingoni ulikuwa kila mahali. Mama aliyetuuzia mnafu alikuwa nao. Mzee wa kanisa alikuwa nao, mkubwa kiasi kwamba alifunga shati lake vifungo vitatu chini ya koo. Wengine walisema ni maji ya milimani, wengine wakasema ni ukoo. Sijawahi kusikia mtu akitaja chumvi.

Lakini mwalimu wetu alikuwa kijana, hajaolewa, na rovu lake lilikuwa sawa na ngumi ya mtu mzima, limeegemea upande wa kulia. Alifunga kitambaa shingoni kila siku, joto na baridi. Alikuwa mkali, na alifundisha vizuri. Hesabu za sehemu nilizielewa kwake na sijazisahau. Nyuma yake tulimwita Kibuyu. Sikuwa mimi niliyelianzisha jina hilo, ila nililitumia kama wengine, na nililitumia kwa furaha, kwa sababu siku walipomcheka mwalimu hawakunicheka mimi.

Jumamosi moja alibisha mlangoni kwa shangazi akiwa na kifurushi cha gazeti. Alikuwa anaolewa. Mchumba wake alikuwa dereva wa malori ya Zambia, na ndani ya gazeti kulikuwa na kitambaa cheupe cha satini alichokibeba kutoka ng'ambo ya Tunduma. Madukani kwetu wakati ule hungepata kitu kama hicho. Kilikuwa kipande kimoja, kimetosha gauni na bitana yake, na hapakuwa na kingine.

Shangazi alifukuza kuku sebuleni, akafunga mlango, akamwomba afungue kile kitambaa cha shingoni ili apime. Mwalimu alinitazama mimi. Nikatazama sakafu.

"Nataka shingo ya juu, dada," alisema. "Ifike hapa." Akagusa chini ya kidevu.

"Hapo itakubana."

"Ibane."

"Mwalimu, siku hiyo utaimba, utakula, utamjibu mchungaji. Kwa pumzi gani?"

"Ni siku moja tu. Siwezi kukosa pumzi siku moja?"

Shangazi alitoa pini midomoni, jambo alilolifanya mara chache. Akaonekana anataka kusema kitu, halafu akazirudisha pini mahali pake na kuandika vipimo kwa chaki juu ya meza.

Gauni lilishonwa kwa siku kadhaa. Jumatano mchana, shingo ilikuwa imeshapita kwenye cherehani na kupunguzwa ukingo, imebaki kuchanjwa, ndipo jirani akaja mbio kuomba msaada: ng'ombe wake ameteleza mtaroni na hawezi kutoka. Shangazi akatoka na kamba. Kuniambia, aliniambia jambo moja tu, niwashe mkaa wa pasi.

Nikawasha. Nikasubiri. Ile shingo ilikuwa mezani, nyeupe, imegeuzwa ndani nje, na mkasi mdogo uko kando yake. Nilikuwa nimemtazama akichanja labda mara hamsini. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha. Sidhani nilikuwa na wazo baya lolote. Nilitaka kusifiwa, na pale nyumbani sifa zilikuwa haba.

Vikato saba vya kwanza vilitoka vizuri. Cha nane nilikikata kwa kujiamini, na sauti yake ikawa tofauti. Niligeuza kitambaa. Mkasi ulikuwa umevuka mshono na kuingia kwenye gauni lenyewe, upande wa mbele, upana wa kucha ya kidole gumba.

Nikakunja gauni, nikaliweka kama lilivyokuwa, nikaenda kupepea pasi.

Shangazi alirudi na matope mpaka magotini, akanawa, akakaa. Alichukua shingo akaigeuza. Aliitazama, akaipeleka dirishani, akaitazama tena.

"Nini hiki?"

"Sijui, shangazi. Labda panya."

"Panya."

"Ndiyo."

"Panya huyu amechanja vikato saba vizuri kabisa," alisema, "halafu cha nane ndiyo kikamshinda."

Hakunipiga. Ningependelea anipige, yangekwisha. Alikaa akikipima kile kikato kwa kidole, na nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba hajui la kufanya. Baadaye akaniambia kesho nikitoka shule niende nyumbani kwa mwalimu nikamweleze.

"Mimi?"

"Mkono uliokata ni wa nani?"

"Si atakuja hapa umwambie wewe, shangazi?"

"Mimi nitamwambia kwamba nilikuacha na mkasi. Hilo ndilo langu. La kwako utalisema wewe."

Mwalimu alikaa kwenye nyumba za walimu, chumba kimoja na jiko la nje. Nilimkuta anamenya viazi, hajafunga kitambaa shingoni. Sikuwahi kumwona hivyo karibu namna ile. Alinyoosha mkono haraka kukitafuta kitambaa, hakukiona, akaacha. Nikamwamkia, nikasema yote kwa mfululizo mmoja bila kupumua, na nilipofika kwenye habari ya panya nikaisema nayo.

"Toka," alisema.

Nilifika karibu na mti wa mpichi uani akaniita nirudi. Alikuwa bado ameshika kisu na kiazi.

"Huko darasani mnaniitaje?"

Ningeweza kusema hatukuiti chochote. Nilikuwa nimechoka na uongo wa jana.

"Kibuyu, mwalimu."

Alimenya kile kiazi mpaka mwisho, ganda likitoka refu, halijakatika. "Nilikuwa najua," akasema. "Nilitaka kuona kama leo umeamua kusema kweli au umesukumwa tu na shangazi yako." Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "Nina hamu kubwa ya kukuchapa. Nenda nyumbani kabla sijabadili mawazo. Mwambie nakuja Ijumaa."

Alikuja. Shangazi alimwekea mambo mezani bila kuzunguka. Kitambaa hakijabaki. Angeweza kufunika kikato kwa lesi, au angeweza kuishusha shingo vidole vinne kuzunguka pande zote, kikato kitoweke chenyewe. Akishusha, gauni litakaa kwenye mifupa ya mabega, na rovu litakuwa wazi.

"Lesi itaonekana ni kiraka," alisema mwalimu.

"Itaonekana."

Nje kuku alikuwa anapiga kelele za kutaga. Mwalimu akasema, "Haya, shusha. Tuone."

Shangazi alishusha siku hiyo hiyo, mwalimu akiwa amekaa pale pale kwenye kiti cha gizani. Alikata upya, akalaza bitana upya, pini, bandi, cherehani. Vikato alivichanja yeye mwenyewe. Kisha mwalimu akavaa, na mimi nikapewa kioo nikishike mbele yake, kile kioo cha ukutani chenye kona iliyovunjika. Aligeuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Akainua kidevu. Niliona uvimbe ukipanda na kushuka alipomeza mate, kisha akameza tena kwa makusudi, akiwa ameweka vidole kwenye ukingo wa shingo.

"Nameza," akasema, kama mtu anayeripoti.

"Na utaimba," alisema shangazi.

Aliomba ashonewe skafu kutokana na vipande vya ile satini iliyokatwa, ya kufunga kanisani. Shangazi akaunga vipande vitatu akamshonea, wala hakubishana.

Harusi ilikuwa wiki mbili baadaye. Katika wiki hizo mbili mwalimu hakunichagua darasani hata mara moja, hata mkono wangu ulipokuwa peke yake hewani. Nilistahili. Jina la Kibuyu mimi niliacha kulitumia, ila sikuwakataza wengine. Nisingependa ufikiri nilikuwa jasiri.

Kanisani alifunga ile skafu, akaimba, akajibu. Kwenye chakula walikaa mezani chini ya turubai, na sisi watoto tulikuwa karibu na masufuria ya wali na kuku, mahali palipotupendeza. Wazee walikuwa na pombe yao ya ulanzi upande wa pili. Nilimwona mwalimu akijaribu kula, akivuta skafu, akijaribu tena. Halafu akaifungua tu, akaikunja, akaiweka kando ya sahani.

Mama mkwe wake aliinama akamwambia, kwa sauti ya kutosha watu wa karibu kusikia, "Mwanangu, utapata baridi."

Kila mtu alielewa maana yake.

"Sisikii baridi, mama," alisema mwalimu. "Nasikia njaa."

Bwana harusi alicheka, peke yake, kicheko cha mtu wa barabarani. Akamsogezea mkewe sahani ya kuku. Watu wakatazama kidogo, kisha wakarudi kwenye vyakula vyao, kwa sababu wali haukuwa kitu cha kila siku. Shangazi, aliyekuwa amekaa mstari wa pili, hakuwa anaangalia uso wa yeyote. Nilimfahamu. Alikuwa anaangalia kama bitana inachungulia. Haikuchungulia.

Baada ya hapo alinifundisha vikato, kwenye vipande vya kaki, miezi mingi, mpaka mkono ukajua wenyewe pa kukomea. Nilimaliza darasa la saba nikarudi Uyole. Sikuwa fundi, maisha yalinipeleka kwingine. Shangazi alishona mpaka macho yakamkatalia, akafariki, na pale Kihesa palipokuwa nyumba yake sasa pana fremu za maduka. Nimepita mara mbili, na mara zote mbili sikusimama.

Mwalimu nilikutana naye Igowole, kule Mufindi, miaka michache iliyopita, kwenye msiba wa watu tuliowafahamu sote wawili, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake. Alikuwa mzee wa fimbo, mjane, na shingo yake ilikuwa nyembamba, yenye kovu laini kama uzi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji zamani. Nilimwamkia, nikajitaja.

"Wewe ndiye panya," akasema.

Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nikamuuliza gauni liko wapi. Akaniambia halikukaa kabatini hata mwaka. Aliliazima binti wa shemeji yake, kisha mwalimu mwenzake, kisha habari ikaenea. Walikuja mabibi harusi kutoka vijiji ambavyo hakuvijua, na wengi wao walikuwa na shingo kama yake. Wameshavaa magauni ya kola, wameshindwa kupumua, mtu amewaambia kuna gauni kwa mwalimu fulani, shingo yake imeshushwa vizuri, haikwaruzi. Lilipunguzwa kiuno, likaongezwa, likapunguzwa tena. Shingo hakuna aliyeigusa.

"Aliyelichukua mwisho hakulirudisha," alisema. "Nilingoja aje mwingine kuliuliza, ndipo nikalifuate. Hakuja mwingine."

Ilibidi nifikiri kidogo ndipo nikaelewa. Katika miaka ile chumvi ilianza kutiwa madini joto, na shuleni watoto wakapewa vidonge, na mabinti waliofuata wakakua na shingo zao nyororo, wakaolewa kwa magauni ya kukodi ya shingo yoyote wanayotaka. Leo ukimwambia mtoto wa Iringa neno rovu, atakuuliza ni nini.

Kwa hiyo gauni lile limepotea, na fundi aliyelishona hayupo, na sebule ile haipo. Nimejaribu kuvihuzunikia vyote kwa pamoja, kama watu wa umri wangu wanavyopenda kufanya, na siwezi. Shangazi namhuzunikia. Ila lile gauni liliacha kuulizwa kwa sababu hakuna tena aliyelihitaji, na mwalimu, aliponieleza hivyo, alikuwa anakula mahindi ya kuchoma, anatafuna taratibu na kumeza bila shida yoyote.